Anayekaa Nyuma

Wanangu wa Faza,

Nawaona baada ya sala ya Alasiri mmetandika magunia kivulini, pikipiki iko kwenye stendi kubwa, spana zimetawanyika, mmoja ameshika bisibisi na watatu wanamwelekeza. Wapo wanaosema mnapoteza wakati. Mimi simo. Kisiwa hiki cha Pate kimeishi kwa mikono ya mafundi. Siyu, hapo jirani, ilisifika pwani nzima kwa kazi za ngozi, mbao na chuma, na wazee wetu Watikuu waliunda vyombo vyao wenyewe. Kijana anayefungua injini ili ajue kilichomo ndani amefuata njia yao.

Neno langu ni kuhusu mnachobadilisha, na mnambadilishia nani. Pikipiki ilipoingia huku ilibeba kazi ya punda na ya miguu yetu. Anayeshuka gatini Mtangawanda anawategemea nyinyi afike Siyu, Faza au Kizingitini. Mja mzito wa Mbwajumwali akishikwa na uchungu usiku, nyinyi ndio mnaomfikisha hospitali. Basi kila mkishika spana, jiulizeni kwanza juu ya huyo anayekaa nyuma: hili ninalolitoa, au ninaloliongeza, litamfaa au litamdhuru?

Chukueni kinga ya gurudumu. Boxer na TVS mnazoendesha asili yake ni India. Kule wanawake wengi huvaa sari na hupanda kwa kukaa upande. Kwa sababu hiyo kanuni za magari za India za mwaka 1989 zinataka kila pikipiki ya kubeba abiria iwe na pa kushika, pa kukanyaga, na kinga inayofunika angalau nusu ya gurudumu la nyuma ili nguo isiingie kwenye spoki. Sasa tazameni hapa kwetu. Mama zetu na dada zetu wanavaa buibui na mitandio mirefu, na wengi hukaa upande vilevile. Halafu kijana ananunua pikipiki, na jambo la kwanza ni kung'oa kinga ya pembeni na kifuniko cha cheni, ati pikipiki ionekane nyembamba. Hilo linaniuma kuliko mengine yote. Nguo ikishikwa na spoki haichaniki ikaisha. Hujizungusha kwenye habu na kumvuta mwenyewe chini kwa nguvu ya injini nzima, na mtandio unaanzia shingoni.

Kama pikipiki yako imekuja bila kinga, hilo ndilo liwe badiliko lako la kwanza. Fundi wa kuchomelea anaweza kuikunja kwa nondo nyembamba na wavu wa chuma. Ifungwe kwa bolti, isichomelewe kwenye fremu, kwa kuwa moto wa kuchomelea hudhoofisha chuma cha fremu, na siku ya pancha mtataka kutoa gurudumu bila taabu. Ikibidi kuchomelea chochote juu ya pikipiki, ondoeni kwanza waya za betri. Muifanye nzuri, muipake rangi mnayoipenda. Sijasema pikipiki isipendeze.

Jambo la pili ni chumvi. Chombo cha mbao tunakipaka sifa, na chini tunakipaka deheni, na hakuna nahodha anayengoja kioze ndipo akumbuke. Pikipiki nayo inaliwa na bahari, tena haraka zaidi, kwa kuwa mnaipitisha ufuoni maji yakitoka. Msiioshe kwa maji ya bahari hata siku moja, na visima vyetu vingi navyo vina chumvi. Kitambaa kilicholowa maji ya mvua ya jabia kinatosha: futeni rimu, spoki, shingo za spoki, viungo vya waya, kisha mkaushe. Cheni ipakwe oili nzito ya gia baada ya kufutwa mchanga. Oili chafu iliyotoka kwenye injini imejaa vumbi la chuma, nayo huisaga cheni badala ya kuilinda. Mlegeo wa cheni upimwe katikati kwa chini. Kwa pikipiki nyingi ndogo ni kama sentimita 2 hadi 3, ila kitabu cha pikipiki yako ndicho cha kufuata. Zungusheni gurudumu mpime mahali patatu au panne, maana cheni iliyochakaa huwa imekaza upande mmoja na kulegea mwingine.

Breki za drami zifunguliwe mara kwa mara. Chumvi ikishika ile pini inayosukuma viatu vya breki, utakanyaga na breki itachelewa kurudi, au haitashika kabisa. Pini ipakwe grisi kidogo, kidogo mno, kwa sababu tone likifika kwenye viatu hakuna breki tena. Na lile vumbi la ndani msilipulize kwa mdomo.

Oili ya injini mnainunua kwa kutazama bei tu, na hapo wengi wanakosea. Kwenye pikipiki zenu oili hiyo hiyo ndiyo inayoogesha injini, gia na klachi. Oili nyingi za gari zina dawa za kupunguza msuguano, nazo huifanya klachi iteleze. Tafuteni kopo lililoandikwa JASO MA. Ni kama lita moja tu, na lita moja haimfilisi mtu anayefanya kazi kila siku.

Kichujio cha hewa kinatolewa ili injini ivume. Mchanga wetu ni mwembamba, hupenya popote, na ukiingia kwenye silinda hukwaruza pistoni na ringi mpaka pikipiki itoe moshi wa buluu. Hewa ikizidi, petroli katika mchanganyiko nayo hupungua, injini ikachemka. Ekzosi nayo inatobolewa kwa mlio huohuo. Nguvu haiongezeki, na vichochoro vyetu ni vyembamba, kuta zimesogeleana, ndani mna wagonjwa na watoto wachanga, na msikitini watu wamo katika sala. Hilo liacheni.

Anayetaka nguvu ya kubeba mzigo njia za mchanga, njia halali ipo: abadilishe sproketi. Ikiwa ya mbele ina meno 14 na ya nyuma 42, kupunguza jino moja mbele ni karibu sawa na kuongeza matatu nyuma. Mwendo utapungua, mvuto utaongezeka, na hapa hatuna barabara ya kukimbilia. Huo ni ufundi wa mtu aliyeitazama nchi yake akafanya hesabu, na ningependa kuuona zaidi.

Kwenye waya na petroli nitasema kwa ukali kidogo. Mnaongeza taa na spika, fyuzi inakatika, mnaweka karatasi ya paketi ya sigara. Fyuzi imeumbwa ikatike ili waya usiwake. Kila taa mpya iwe na fyuzi yake, na waya usipite karibu na tangi. Petroli inafika kisiwani kwa boti, katika madumu, na wengine mnalaza dumu chumbani chini ya makuti. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa: hutambaa sakafuni mpaka ukutane na jiko la jirani. Mwaka 2009 moto uliteketeza mamia ya nyumba hapa Faza, na wengi wenu mlikuwa watoto mkibebwa mikononi. Dumu likae nje, kivulini, limefungwa, mbali na jiko. Kabureta isisafishwe usiku kwa mwanga wa kibatari. Na kabla ya kumimina kwenye tangi, tieni kiasi kwenye chupa ya kioo muiache itulie. Maji ya bahari, kama yamo, yatakaa chini mtayaona. Yakishaingia, fungueni skrubu ya chini ya kabureta yatoke.

Kofia ngumu mbili, yako na yake, na abiria mmoja: kanuni za mwaka 2015 za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, zimekwisha kusema, sina la kuongeza.

Ninalowaomba ni mchange. Kila mwenye pikipiki atoe kidogo kila wiki, mnunue kwa pamoja filagaji ya kupimia tapeti na plagi, spana ya kukazia kwa kipimo, na sanduku la spea: plagi, waya wa klachi, waya wa breki, viatu vya breki, tyubu, kiungo cha cheni. Spea hutoka Lamu au Mombasa, na boti hungoja maji yajae ndipo ipite mkondo wa Mkanda. Sanduku likae kwa mtu mnayemwamini, liwe na daftari: nani amechukua nini, lini amerudisha. Wadogo zenu wanaosimama pembeni wakitazama, wapeni spana washike, na wasichana wakitaka kujifunza wafundisheni vilevile. Mkianza mwezi huu, mimi natoa sanduku, na mchango wa kwanza ni wangu.