Kununua na Kukomboa

Waingereza husema redemption, nasi twasema ukombozi. Neno lao latoka katika Kilatini, redimere, yaani kununua tena kilichopotea ili kirudi. Neno lao jingine, ransom, maana yake fidia, ni tunda la mzizi uo huo.

Hapa Nyangwe, kando ya Lualaba, neno kununua lina uchungu. Hapa watu waliuzwa. Hapa, tarehe 15 Julai 1871, msafiri Livingstone aliona watu wa wafanyabiashara ya watumwa wakiupiga risasi umati sokoni; wakafa mamia, wengi wao wanawake.

Je, mwenye kununua mtu na mwenye kumkomboa, si wote wawili hutoa bei? Naam. Tofauti haimo katika bei, bali katika yafuatayo. Mnunuzi hulipa ili mtu awe wake. Mkombozi hulipa ili mtu awe huru.

Adriani Atiman aliibwa angali mtoto, akakombolewa na Mapadri Weupe huko Algeria. Alisomea udaktari Malta, akafika Karema, ng'ambo ya Tanganyika, mwaka 1889. Huko aliwatibu wagonjwa na kufundisha dini mpaka kufa kwake mwaka 1956.

Basi wewe uliyemlipia mdogo wako karo, au jirani yako deni, ukamkumbusha kila siku: umemkomboa, au umemnunua?

Kristo alitulipia kwa Damu yake, wala hakututia minyororo. Hata kumpenda, ametuachia tuchague wenyewe.