Mirungi na Unga: Hukumu ya Mwenye Kuzoea na Dawa Yake

Alhamdulillahi, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baad. Na achukuliwe mfano wa mzee mmoja wa Mkwaja, mvuvi, mwenye watoto wawili wanaume. Wa kwanza kila alasiri huketi barazani na wenziwe, shavu limejaa mirungi, na baba yake akipita humtania na kumwuliza kama majani ya leo ni mazuri. Wa pili anavuta unga. Huyu amefukuzwa nyumbani, hulala pwani ubavuni mwa ngalawa, na mzee ameapa kwamba hamtambui akiwa hai wala akiwa maiti. Suala ni hili: mzee huyu amepima kwa mizani ya sheria, au kwa mizani ya aibu?

Jawabu lataka kwanza kuvijua vitu viwili hivyo, kwa kuwa watu wengi huviita vyote kwa jina moja, ulevi, wakadhani kwamba madhara yake ni mamoja na dawa yake ni moja.

Mirungi ni majani ya mti. Kwa watu wa Tanga hutoka milima ya Upare, upande wa Same, na kwa watu wa Mombasa hutoka Meru. Nguvu yake imo katika kitu kiitwacho kathinoni, nacho hupungua upesi jani likinyauka, ndiyo sababu magari ya mirungi hayana subira njiani. Kazi yake ni kuamsha: moyo huenda mbio, njaa na usingizi huondoka, ulimi hufunguka. Mlaji hujiona mwerevu kuliko jana, akajenga nyumba ya ghorofa kwa maneno kabla ya magharibi, na alfajiri hana nauli ya kwendea kazini. Akidumu nayo, damu hupanda mbio, tumbo hufunga, meno huharibika, usingizi humkimbia hata akiutafuta, na wako wanaofikia kusikia sauti zisizokuwapo. Akiacha, huingiwa na uzito wa mwili na huzuni na ndoto mbaya kwa siku kadhaa; lakini hafi kwa kuacha. Wala hapana dawa maalumu ya hospitali ya kushika mahali pake. Dawa yake ni kulala, kula, kuhama baraza, na kukaa na mtu mwenye elimu ya maradhi ya nafsi.

Unga ni kinyume cha hayo. Ni heroini, nayo hutengenezwa kwa utomvu wa afyuni. Na katika mambo ya ajabu ni kwamba mwaka 1898, bendera ya Mdachi ikipepea Tanga, kampuni ya Bayer ya Ujerumani ilianza kuiuza kuwa dawa ya kikohozi. Pwani hii iliingia kwa wingi tangu miaka ya 1980. Kazi yake ni kulaza: huondoa maumivu na hofu na haya, ikamwacha mtu anasinzia hali amesimama. Ikizidi, husimamisha pumzi, na hapo ndipo mauti. Na kwa wenye kujidunga, sindano moja ikipita mikononi mwa watu wanne huwagawia Ukimwi na homa ya ini.

Mwili ukishauzoea unga huudai. Saa chache baada ya kete ya mwisho huja ile hali vijana waiitayo arosto: miayo, machozi na kamasi, mifupa kuuma, kutapika, kuhara, kukosa usingizi. Hali hii huwa kali kwa siku ya pili na ya tatu, kisha hupungua kwa muda wa juma moja. Lakini tamaa haiondoki pamoja nayo. Huweza kukaa miaka.

Sasa katika sheria. Yajulikana kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza kila chenye kulevya na kila chenye kulegeza mwili, na maimamu wakaingiza humo afyuni na mfano wake. Amma mirungi, Sheikh Ibn Hajar al-Haytami, aliyefariki mwaka 974 Hijria, aliulizwa na watu wa Yemen, akakuta khabari za walaji zinapingana. Akajizuia kusema kwa mkato kwamba ni haramu, akausia kuiacha kwa shubuha iliyomo. Wapenzi wa mirungi wamelishika neno la kwanza wakalisahau la pili. Tena leo madhara yake yamejulikana zaidi, na kitu chenye kumdhuru mtu hakiwi halali kwake. Na sheria ya Tanzania ya mwaka 2015 imeikataza, ijapokuwa Kenya huihesabu kuwa zao la biashara.

Bali sheikh huyo huyo aliulizwa na suala la pili, nalo ndilo limfaalo mzee wa Mkwaja. Aliulizwa juu ya mtu aliyezoea kula afyuni hata akawa asipoila atakufa. Alijibu kwamba ikiwa hilo lina yakini, yamhalalikia, bali yampasa, kula kiasi cha kuokoa roho yake, kama alivyo mwenye kudharurika mbele ya nyamafu; na juu yake ni wajibu kuipunguza kidogo kidogo mpaka tumbo liiache pasipo kuhisi; na akipuuza kuipunguza, ni fasiki. Ibn Abidin, mwanachuoni wa Kihanafi, alilinakili jawabu hili akalikubali.

Hapa ndipo penye mzozo wa leo. Tangu mwaka 2011 hospitali ya Muhimbili hutoa methadoni bila malipo, na baadaye huduma hiyo ikafika Bombo, Tanga. Methadoni ni dawa ya maji, hunywewa mara moja kwa siku mbele ya mhudumu, hukaa mwilini siku nzima, ikazuia arosto wala isimpe mnywaji ule usingizi wa unga. Wako wasemao: huku ni kutoa haramu na kutia haramu. Nguvu ya neno lao ni kwamba Ibn Hajar alishurutisha kupunguza, na wagonjwa wengine hunywa miaka mingi.

Jawabu ni kwamba Imam Nawawi alijuzisha mtu kunyweshwa kitu cha kuondoa akili ili akatwe mkono ulioozeana. Basi kitu kisichoiondoa akili, bali huirudisha, ni aula zaidi. Ama sharti la kupunguza, liko pale pale, lakini kipimo chake ni tabibu mwaminifu, si jirani mwenye haraka. Kwani mwili ulioacha unga hupoteza uzoefu wake upesi. Kijana hufungwa chumbani mwezi mmoja, au hutoka jela, watu wakasema amepona. Kisha hurudia kiasi alichokuwa akitumia zamani, akafa usiku ule ule. Baba aliyemfunga mwanawe kwa nia njema, kisha akamwachia pasipo matibabu, na alijue jambo hili.

Basi mzee ameikosea mizani pande mbili. Wa mirungi anastahili kukemewa zaidi, kwa kuwa hiari yake ingali mkononi mwake. Wa unga alifanya dhambi kwa kuanza, na atafanya nyingine akikataa dawa. Lakini kati ya hizo mbili ni mgonjwa, na mgonjwa hatupwi pwani.

Tena liko jambo la njia. Kutoka Mkwaja hadi Bombo ni kuvuka mto Pangani na kwenda zaidi ya kilomita 80, na dawa ni ya kila siku. Kijana hawezi kwenda na kurudi. Yatakiwa apate jamaa Tanga wa kumpa mkeka na chakula mpaka tabibu amwone ametulia, na kwa kweli hapo ndipo wengi hushindwa, si katika fikihi. Na Ramadhani ikimkuta huko, amwulize tabibu kama aweza kunywa usiku; ikiwa haiwezekani, ni mgonjwa, atafungua na kulipa atakapoweza.

Wallahu aalam.