GHALA KUBWA ZAIDI: LINI NI HEKIMA, LINI NI UPUMBAVU?



Yako maswali ambayo kwa nje ni ya fedha, na kwa ndani ni ya dhamiri. Mojawapo ni hili: mtu aliye na chombo kinachofanya kazi, je, yafaa anunue nafasi zaidi ya kuwekea mambo, ikiwa bei ya nafasi hiyo yakaribia bei ya chombo chenyewe? Siku hizi swali linafanana na lile la ofisi za parishi, watu wanaposhauriana kama fedha ya sadaka inunue diski ya kutunzia habari za ubatizo na ndoa. Lakini waliobanwa na swali hili zaidi ni wale waliomiliki kompyuta za nyumbani za kwanza, miaka arobaini na zaidi iliyopita. Tuanze kwao.

Mwaka 1982 ilitolewa Uingereza kompyuta ndogo iitwayo ZX Spectrum, iliyounganishwa na televisheni ya nyumbani. Kumbukumbu yake ilikuwa kilobaiti 16 au 48, nayo ilisahau yote mara umeme ulipozimwa. Mwenyewe aliihifadhi kazi yake katika kaseti za kawaida, zile zile za nyimbo, na kuisoma kaseti upya kulichukua dakika kadhaa. Waliokuwa na uwezo zaidi walitumia flopi, yaani kisahani chembamba chenye sumaku. Juu ya hivyo vyote ilikuwapo diski ngumu. Mwaka 1980 kampuni ya Seagate ilitoa diski ya inchi 5.25 yenye megabaiti 5, kwa dola 1,500 hivi. Mwaka uliofuata kompyuta ya IBM ya mtu binafsi ilianza kuuzwa kwa dola 1,565. Ghala ilikuwa karibu na bei ya nyumba.

Tupige hesabu kama darasani. Herufi moja huchukua baiti moja. Basi ukurasa wenye herufi 2,000 huchukua baiti 2,000. Flopi ya kilobaiti 360 ilitosha kurasa 180. Diski ya megabaiti 5 ilitosha kurasa 2,500, sawa na flopi 14 hivi. Kwa hiyo aliyeandika barua zake na hesabu za nyumbani hakukosa nafasi. Alikosa wepesi tu. Lakini mwenye orodha ya wagonjwa au wanachama maelfu, aliyetafuta jina moja kwa kubadilisha flopi moja baada ya nyingine, alipoteza saa za kazi kila siku. Diski ile ile ilikuwa anasa kwa huyu na haja kwa yule. Sisi tuliofundisha chuo cha ualimu tuliliona hilo hata kwa chaki na vitabu: huwezi kusema kitu ni cha lazima mpaka umeuliza kazi yake.

Nchi yetu nayo iliwahi kupima swali la namna hii. Kompyuta ya kwanza ya Serikali ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Kazi ya hesabu haikwenda kama ilivyotarajiwa, fedha za kigeni zilikuwa haba, na mwaka 1974 ikapigwa marufuku kuingiza kompyuta nchini bila kibali. Wako wasemao kwamba hiyo ilikuwa busara, maana taifa maskini lina mambo ya kutangulizwa. Wako wasemao kwamba ilituchelewesha kujifunza. Twaona pande zote mbili zina neno la kweli. Kununua kuna gharama, na kukataa kuna gharama. Ila gharama ya kukataa haiandikwi katika stakabadhi, na kwa hiyo husahaulika upesi.

Maandiko yanatuonyesha watu wawili waliopanua ghala. Katika Luka sura ya 12 yuko tajiri ambaye shamba lake lilizaa sana, akaazimu kubomoa ghala zake na kujenga kubwa zaidi, apate kustarehe miaka mingi. Huyo aliitwa mpumbavu. Katika Mwanzo sura ya 41 yuko Yusufu, aliyekusanya nafaka ya Misri kwa miaka 7 mpaka ikashindikana kuhesabiwa. Huyo twamhesabu kuwa mwenye hekima. Tukipima kwa ukubwa, Yusufu alimzidi tajiri yule mara nyingi. Tofauti iko wapi basi? Yusufu aliijua njaa inayokuja, na aliwajua watakaokula. Tajiri yule, katika mashauri yake yote, hakumfikiria mtu mwingine ila nafsi yake.

Nasi wa Unyamwezi twalielewa jambo hili. Kihenge hujengwa kwa kipimo cha mavuno na cha midomo ya kulishwa. Na wazee wetu waliobeba mizigo kati ya Tabora na Bagamoyo, mzigo wa mtu mmoja ukiwa kilo 30 hivi, walijua kwamba kila kitu kilichoongezwa kilimlemea mtu fulani begani.

Hata hivyo, viko vitu vilivyostahili kubebwa. Mwaka 1871 Dk. Livingstone, akiwa Nyangwe katika Kongo ya mashariki, aliishiwa karatasi, akaandika juu ya gazeti kuukuu kwa wino wa mimea. Humo zimo habari za watu waliouawa sokoni Nyangwe tarehe 15 Julai kwa mikono ya wafanyabiashara ya watumwa. Mwaka 1872 Stanley alichukua barua na maandishi ya Livingstone kutoka Kwihara, jirani na Tabora, mpaka pwani. Habari za mauaji yale zilizusha hasira kubwa Uingereza, na mwaka 1873 soko la watumwa la Unguja likafungwa. Ghala ya ushuhuda ule ilikuwa gazeti lililochakaa, wala haukungoja ghala bora.

Kwa hiyo twapendekeza maswali matatu kabla ya fedha kutoka. Kwanza, ni kitu gani hasa kitakachotunzwa, na nani atakihitaji? Pili, tusiponunua, mzigo unabaki begani mwa nani? Kama ni karani anayenakili mpaka usiku, au mama anayesafiri mara tatu kutafuta cheti cha ubatizo cha mwanawe, basi kubana matumizi kwetu kunalipwa na mnyonge, na hakuwezi kuitwa fadhila. Tatu, fedha hiyo ikitoka, ni jambo gani halitafanyika, na wanaolingojea wameulizwa?

Tuongeze neno moja la uangalifu. Diski hufa kama vyombo vingine. Umeme hukatika, na chombo huanguka. Anayenunua moja tu na kutupa daftari la zamani hajatunza kitu. Nakala ziwe mbili, katika nyumba mbili, na daftari libaki kabatini.

Leo diski ya terabaiti 1 ina nafasi mara 200,000 ya ile ya mwaka 1980, wala haigharimu bei ya nyumba. Zamani bei ilimlazimisha mtu kuchagua. Sasa hatulazimishwi, nasi twaweka kila picha na kila barua, halafu siku ya haja hatuoni tunachokitafuta. Kazi ya kuchagua imebaki kuwa yetu wenyewe.

Basi parishi inayoweza kutaja ni vitabu gani itakavyonakili, nani atavinakili, na nani atavitumia, inunue diski kwa moyo mweupe. Ile isiyoweza kutaja, ianze kwa kupanga kabati la ofisi.