Siri ya Mwili na Haki ya Mwenye Kuuliza

Twapenda kuwaeleza ndugu zetu jambo lililotokea katika darsa yetu, ambalo lilitulazimisha kujitazama sisi wenyewe kabla ya kuwatazama wengine.

Ndugu mmoja wa kike, mkaazi wa Kibera, alipunguka mwili kwa muda wa mwaka mmoja, hata waliomjua wakawa wampita njiani wasimtambue. Wenzake wa Kawangware walimwuliza ametumia nini. Akawajibu kwamba alikuwa akinywa maji ya moto kwa ndimu kila asubuhi, na kwamba aliacha chakula cha usiku. Mmoja wa waliouliza, mwenye maradhi ya kisukari na uzito mkubwa, aliishika njia hiyo kwa moyo wote. Miezi ilipopita asione mabadiliko, alinunua unga wa kupunguza mwili kwa mchuuzi asiyejua hata kilichomo ndani yake, akaacha na dawa zake za kisukari akidhani kuwa unga utamtosha. Mwisho wake alilazwa hospitali. Ndipo yule wa kwanza alipotujia analia, akatwambia kweli: hakupunguzwa na ndimu, bali alipasuliwa tumbo na madaktari. Akauliza, "Je, masheikh wangu, dhambi ya mwenzangu iko juu yangu?"

Swali hili si jepesi. Lakini kabla ya kulijibu, yatupasa kukiri jambo moja. Ndugu huyu alikuwa amekwisha kuja katika darsa hii hii zamani, kabla ya kupasuliwa, kutaka shauri. Mmoja wetu akamjibu kwa mawaidha marefu juu ya ulafi, na waliokuwapo wakacheka. Alitoka kimya, wala hakuna aliyemfuata. Basi uwongo alioupanda yeye, udongo wake tuliulima sisi.

Na tuanze na maana ya unene wenyewe. Hapana shaka dini yetu imekataza israfu katika kula na kunywa, na imetufunza kuacha nafasi tumboni kwa maji na kwa pumzi. Lakini kosa kubwa ni kumwona kila mnene kuwa ni mlafi. Uchunguzi wa afya uliofanywa Kenya mwaka 2014 ulionyesha kwamba katika kila wanawake watatu wa umri wa miaka 15 hadi 49, mmoja alikuwa na uzito uliopita kiasi, na wa mijini walikuwa wengi kuliko wa mashamba. Je, theluthi ya mama zetu na dada zetu ni walafi? Mtu atazame chakula kinachopatikana kwa fedha kidogo katika vijia vya Kibera au sokoni Kawangware: chapati, mandazi, viazi karai, chipsi, mafuta ya kupima na chai ya sukari nyingi. Samaki, matunda na mboga za namna mbalimbali vyataka mfuko mzito zaidi. Maskini hununua kishibishacho watoto leo, na mwili wake hulipa kesho. Tena yako maumbile ya kuzaliwa nayo, uzazi, na dawa za maradhi mengine. Na mwili ukishazoea uzito mkubwa huutetea: mtu akijinyima, njaa yake huzidi, na nguvu anazotumia hupungua.

Hapo ndipo inapoingia kazi ya madaktari. Upasuaji huu si jambo la jana. Mwaka 1966 daktari Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, alianzisha namna ya kulifanya tumbo la chakula kuwa dogo na kuliunganisha na utumbo mbele zaidi. Namna nyingine, ambayo leo yatumika sana, ni kukata na kuondoa kiasi cha robo tatu ya tumbo hilo au zaidi, likabaki kama mfuko mwembamba. Faida yake si kupunguza nafasi tu, bali pia hubadili zile homoni zinazoleta njaa na shibe, na kisukari cha wengi hupungua hata kabla uzito haujashuka sana. Katika nchi ya Sweden walifuatwa kwa miaka mingi watu waliopasuliwa na wengine wasiopasuliwa, na mwaka 2007 ikatangazwa kwamba vifo vilikuwa vichache kwa waliopasuliwa.

Wako wanaosema kwamba haya ni kubadili maumbile ya Mwenyezi Mungu. Twawajibu kwamba jino bovu hung'olewa na kidole tumbo hukatwa, wala hakuna anayelaumu. Watasema: jino lile lilikuwa bovu, na tumbo hili ni zima. Hoja hii ina uzito, nasi hatuidharau. Lakini maradhi ya unene hayakai katika kiungo kimoja. Yako katika mpango mzima wa njaa na shibe, na moyo, magoti, figo na macho ndivyo vinavyoadhibiwa. Mtume wetu ametuamrisha tujitibu. Anayekata ili kuokoa uhai hawi sawa na anayekata ili kupendeza machoni mwa watu. Mwaka 2024, hapa Nairobi, mwanamke mmoja alifariki baada ya kupasuliwa kuondolewa mafuta katika kliniki ya urembo. Jambo lile ni jingine, wala lisichanganywe na hili. Madaktari wa fani hii, katika mwongozo wao wa mwaka 2022, hupima kwa kugawanya kilo za mtu kwa urefu wake wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Ikifika 35 humshauri apasuliwe, na ikiwa 30 naye ana maradhi kama kisukari, hufikiriwa.

Wengine husema kwamba hii ni njia ya mkato ya mvivu. Lau wangalikaa siku moja na aliyepasuliwa wasingalisema hivyo. Majuma ya kwanza hunywa vitu vya majimaji tu, kidogo kidogo. Baadaye hula vijiko vichache, akitanguliza mayai, maharagwe, samaki au nyama, na akizidisha sukari huweza kutoka jasho na kutapika. Vitamini, madini ya chuma na chokaa ya mifupa atahitaji kuvitumia umri wake wote, na damu yake ipimwe mara kwa mara. Mwanamke hushauriwa asishike mimba kwa mwaka mmoja au mwaka na nusu. Na akirejea mazoea ya zamani, uzito huweza kumrudia. Kisu hufungua mlango tu. Kuingia na kukaa ndani ni kazi yake mwenyewe.

Sasa turudi kwenye swali la ndugu yetu. Twaona mambo matatu yasichanganywe. La kwanza ni siri. Mwili wa mtu ni sitara yake, na hakuna anayelazimika kuwatangazia majirani yaliyompata katika chumba cha kupasuliwa. Angaliweza kusema, "Nilitibiwa hospitali, nanyi waendeeni madaktari," akanyamaza, wala asingalikuwa na lawama. La pili ni uwongo. Kunyamaza ni haki yake; kumpa mwenye kuuliza dawa isiyokuwa dawa si haki yake. Anayeuliza njia ili aipite si sawa na anayeuliza ili apate la kusengenya. Huyo wa kwanza ameweka nafsi yake mkononi mwako.

La tatu ndilo zito zaidi. Mtu atasema: kweli ingalimfaa nini yule wa Kawangware? Upasuaji huu hugharimu malaki ya shilingi katika hospitali za watu binafsi, naye ni mchuuzi wa viazi. Ndugu yetu mwenyewe alilipiwa na jamaa walio ng'ambo. Twajibu: kweli ingalimfaa hata kama hana senti. Kwani alipoambiwa kuwa ndimu imemponya mwenziwe, naye haikumponya, hakuilaumu ndimu, alijilaumu yeye. Alijiona hana subira wala imani. Kwa huzuni ile ndiyo akaukimbilia unga wa mchuuzi. Lau angaliambiwa, "Mimi nami nilijaribu njia hizo zote zikanishinda, hata nikasaidiwa na madaktari," angalijua kwamba hakushindwa peke yake, wala asingaliacha dawa zake. Kweli humtolea mtu mzigo usiokuwa wake, ingawa haimpi fedha.

Kwa hivyo tulimjibu ndugu yetu: dhambi ya uwongo ni yako, nayo ina toba. Ama kuugua kwa mwenzako, mchuuzi ana fungu lake, na sisi tuliocheka tuna fungu letu. Nenda kwake umwambie kweli. Akaenda, na wawili katika sisi tukamfuata kumwomba radhi. Mgonjwa alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Kumbe si mimi niliyekuwa mbovu."

Katika historia yetu kuna mfano wa kuzingatia. Mwaka 958 Sancho, mfalme wa León katika Uhispania, aliondolewa katika ufalme wake, na unene wake ukiwa miongoni mwa sababu. Alipelekwa Kurtuba, mji wa Waislamu, katika zama za Abdurrahman wa Tatu, akatibiwa na tabibu Hasdai bin Shaprut, naye alikuwa Myahudi. Mwaka 960 alirejea katika kiti chake. Mfalme yule hakwenda peke yake. Aliyefuatana naye ni nyanya yake, Malkia Toda, mtu mzima wa miaka mingi. Basi ikiwa mfalme alihitaji mtu wa kumshika mkono, sembuse mama wa Makina anayeishi katika chumba kimoja na watoto wake?

Kwa hayo tumekata shauri kwamba mwezini mara moja kina mama wakutane, Kibera mwezi huu na Kawangware mwezi ujao, waliopasuliwa, wanaofikiria, na wasioweza. Watakayosemezana yatakuwa amana. Hakuna atakayeuza dawa humo, wala kumwambia mwenziwe aache dawa ya daktari. Atakayeuliza juu ya Ramadhani ataambiwa kwamba mgonjwa ana ruhusa, na kwamba aliyepasuliwa karibuni, ambaye hawezi kunywa maji ya kutosha kwa mkupuo, asijitie katika madhara, bali amwulize daktari wake kwanza. Na katika karamu zetu, za arusi na za matanga, tuache ile tabia ya kumshindilia mgeni pilau na kumwona ana kiburi akila vijiko vitatu. Sahani iliyorudi ina chakula haimvunjii heshima mwenye nyumba.

Nasi wanaume wa darsa tumejiwekea sharti letu: mtu akija na swali la mwili wake, tumsikilize mpaka mwisho kabla ya kufungua kinywa. Mawaidha yanayomfukuza mwenye kuuliza humpeleka kwa mchuuzi wa unga.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, na atusamehe vicheko vyetu. Amin.