Je, Kutazama Tu Ni Kosa?

Wazee walisema: Macho hayana pazia. Maana yake, jicho huona lililo mbele yake, likipendeza au lisipopendeza, na hakuna mtu wa kuliadhibu kwa sababu limeona. Neno hili ni la kweli. Lakini je, ndiyo kweli yote? Tukisha kuona, tumemaliza kazi? Na yule ambaye kazi yake ni kutazama watu, kuandika desturi zao na kuchora sura zao, je, ana deni kwa wale anaowatazama, au hana?

Swali hili lilitupata njiani. Siku moja tulikuwa katika barabara itokayo Kasongo kwenda Kabambare. Kijana wa pikipiki, aliyebeba bidoni za mafuta ya mawese, aliteleza katika matope akaanguka. Bidoni moja ilipasuka, na mguu wake ulichanika vibaya. Tulikuwa watu saba au wanane. Tulifanya nini? Tunaona haya kusema: tulitoa simu. Tulipiga picha ya damu, ya mafuta yaliyomwagika, ya pikipiki iliyolala. Ndipo alipotokea mama mzee mmoja, akitoka shambani na kikapu cha muhogo mgongoni. Aliweka kikapu chini, akafungua kitenge alichojifunga juu ya kingine, akachana ukanda mrefu, akaanza kumfunga kijana. Bila kutuangalia alisema: «Watoto wangu, picha hizo zitafunga kidonda?» Hakuna aliyemjibu. Tuliweka simu mfukoni, tukaenda kushika mguu.

Tangu siku ile tumewaza sana. Kwa maana nchi hii yetu ya Maniema ni nchi iliyotazamwa sana na wageni, na kumbukumbu zao zinatupa mifano ya kutosha, mibaya na mizuri.

Mfano wa kwanza ni mchungu, lakini hatuwezi kuuficha. Katika mwaka 1888 alifika hapa Kasongo mzungu mmoja, jina lake James Sligo Jameson. Alikuwa mtu wa elimu: alipenda kukusanya ndege na vipepeo, na mkono wake ulijua kuchora. Alikuwa amelipa pauni 1,000 ili akubaliwe katika safari ya Stanley ya kwenda kumwokoa Emin Pasha. Stanley alimwacha nyuma, kule Yambuya, pamoja na kundi la mwisho la safari, na wapagazi walikuwa haba. Basi Jameson alikuja Kasongo kumwomba Tippu Tip watu wa kubeba mizigo.

Walipokuwa wakirudi kwa njia ya mto, katika mwezi wa Mei, walipumzika Riba Riba, mahali panapoitwa leo Lokandu. Huko yalizuka mazungumzo juu ya watu wanaokula watu. Jameson mwenyewe aliandika yaliyofuata. Alisema kwamba kwao Ulaya habari hizo huhesabiwa kuwa hadithi za wasafiri tu. Mmoja wa waliokaa naye akamwambia: Toa kitambaa, utaona. Jameson akamtuma mtumishi wake kuleta leso sita. Aliandika kwamba alidhani ni mchezo. Baada ya kitambo kidogo aliletwa msichana wa miaka kama kumi, ameshikwa mkono. Msichana yule aliuawa mbele yake. Na Jameson, kwa maandiko yake mwenyewe, alirudi nyumbani akajaribu kuchora picha za mambo aliyoyaona, kabla hayajafifia katika kumbukumbu.

Miezi mitatu baadaye, tarehe 17 Agosti 1888, Jameson alikufa kwa homa kule Bangala. Habari hii ilipotoka katika magazeti ya Uingereza mwaka 1890, watu waligombana sana. Mkalimani wake alikuwa amesema kwamba alichora pale pale, huku msichana akiuawa. Rafiki zake wakajibu: Sivyo, alichora jioni tu. Wakabishana hivyo siku nyingi.

Lakini sisi tunauliza: Je, hilo ndilo swali? Ikiwa alichora saa ile ile au saa ya jioni, msichana alipata faida gani? Kosa halikuanza na kalamu. Lilianza alipotaka kuonyeshwa, akatoa leso. Hakukuta jambo linatendeka akalitazama. Shaka yake na vitambaa vyake ndivyo vilivyolileta jambo mbele ya macho yake. Tena alipoona msichana analetwa, hakusimama, hakupiga kelele, hakusema: Chukueni mali yangu yote, mwacheni. Alisema kwamba hakuamini mpaka dakika ya mwisho. Labda ni kweli. Lakini mtu anayengoja dakika ya mwisho ili aamini, huyo amechagua kuona kwanza. Angalieni pia neno hili: aliandika hesabu ya leso, sita, jina la msichana hakuliandika.

Mtu mmoja atatuambia: Jameson alikuwa mtu mmoja mwenye moyo mgumu, msiwahukumu wote kwa ajili yake. Vema. Tumtazame basi rafiki yake, Herbert Ward, aliyekuwa Bangala wakati Jameson alipokufa. Ward alikaa Kongo tangu 1884 mpaka 1889. Alijifunza lugha, alipenda kuzungumza na watu, alichora sura zao. Alipata vitu vingi: visu, mikuki, sanamu, mapambo, zaidi ya 2,000. Baadaye alikaa Paris akawa mchongaji wa sifa, akatengeneza sanamu kubwa za shaba za watu wa Kongo, akapewa medali. Yeye mwenyewe alikufa mwaka 1919. Mwaka 1921 vitu vyake na sanamu zake vilipelekwa Marekani, katika nyumba ya makumbusho ya Smithsonian, mjini Washington.

Hatumshitaki Ward kwa damu ya mtu. Aliwapenda watu wa Kongo kwa namna yake, na kitabu chake cha mwaka 1910 kinaonyesha hivyo. Lakini tusome majina ya sanamu zake: Mkuu wa Kabila, Mchonga Sanamu za Ibada, Afrika Inayolala. Mkuu gani? Alitoka kijiji gani, mama yake nani? Hatuambiwi. Watu aliokaa nao moto mmoja walipofika Paris walikuwa wamekwisha kuwa «mkuu», «mchongaji», tena bara zima likawa mwanamke aliyelala usingizi. Wale waliozitazama sanamu hizo walidhani wameiona Kongo. Kumbe katika miaka ile ile Kongo haikulala hata kidogo. Ilikuwa inalia, kwa sababu ya mpira.

Hapo tunafika kwenye mfano wa tatu, ambao ni jibu kwa wale wanaosema: Basi, afadhali tusipige picha kabisa. Sivyo. Tarehe 14 Mei 1904, katika misioni ya Kiprotestanti ya Baringa, alikuja mtu mmoja wa kijiji cha Wala, jina lake Nsala. Alibeba kitu katika majani. Kilikuwa mkono na mguu wa binti yake mdogo, Boali, aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira kwa sababu kijiji hakikutimiza kiasi kilichodaiwa. Mama mmoja wa misioni, Alice Seeley Harris, alikuwa na chombo cha kupigia picha. Nsala aliketi barazani, majani yamefunguliwa mbele yake, akaangalia vile vilivyobaki vya mtoto wake. Mama Harris akapiga picha.

Mtu asiyefikiri atasema: Mbona ni jambo lile lile? Huko mtoto ameuawa, mtu akachora. Huku mtoto ameuawa, mtu akapiga picha. Hapana, wasomaji wapenzi, si jambo lile lile. Jameson alitaka kuona, akaletewa. Mama Harris hakuita, aliitwa. Nsala mwenyewe ndiye aliyebeba ushahidi wake, akaenda nao kwa watu aliotumaini kwamba watausema. Picha ya Riba Riba ilikuwa kumbukumbu ya mchoraji. Picha ya Baringa ilikuwa mashtaka ya baba. Nayo ilifanya kazi. Ilionyeshwa kwa taa katika mikutano mingi ya Uingereza na Marekani, ikawa moja ya sababu zilizofanya watu wasiweze tena kusema hawajui. Mwaka 1908 mfalme Leopold II alinyang'anywa Kongo, ikawa chini ya serikali ya Ubelgiji. Taabu hazikuisha siku hiyo, twajua. Lakini jina la Boali tunalitaja hata leo, na jina la baba yake.

Bado kuna shida moja. Itakuwaje kwa mtu anayeona ubaya naye hana nguvu? Hapo tunamkumbuka David Livingstone. Tangu Julai 1870 mpaka Februari 1871 alikaa Kabambare, ambayo yeye aliiandika Bambarre, miguu yake ina vidonda, hawezi kutembea. Kisha alifika Nyangwe, katika nchi ya Kasongo. Karatasi zilimwishia, akaandika juu ya magazeti ya zamani kwa wino wa maji ya mmea. Tarehe 15 Julai 1871 soko la Nyangwe lilijaa, wengi wao wanawake. Watu wenye bunduki wakaanza kupiga. Wengine walikufa kwa risasi, wengine walizama katika Lualaba. Waliokufa walihesabiwa kuwa zaidi ya 300. Livingstone alitaka kutumia bastola yake, akazuiwa. Lakini hakukaa. Alituma watu na bendera yake, wakaokoa baadhi ya waliokimbia. Kisha aliandika. Habari yake ilipofika Ulaya, iliongeza hasira ya watu juu ya biashara ya watumwa, na mwaka 1873 soko la watumwa la Unguja lilifungwa.

Hata hivyo tusimfanye malaika. Mwaka 1911 haukuyajua hayo, lakini mwaka 2011 wataalamu walisoma zile karatasi zilizofifia kwa kutumia mwanga wa pekee. Ikaonekana kwamba Livingstone alipoandika upya alibadili maneno fulani, hasa juu ya mwenendo wa watu wake mwenyewe. Ndiyo kusema, hata shahidi mwema huchagua. Jicho halina pazia, lakini mkono unaoandika unalo.

Basi tuamueje? Sisi tunaona kwamba kutazama si kosa. Mtu asiyetaka kuona taabu ya mwenzake ni mbaya kuliko anayeitazama. Wale wawili waliompita mtu aliyejeruhiwa katika njia ya Yeriko nao walikuwa na macho. Lakini kutazama kunazaa deni, na deni hilo lina sehemu tatu.

Ya kwanza: kabla ya kalamu, mkono. Ikiwa ninaweza kuzuia, au kufunga kidonda, au kuita watu, hiyo ndiyo kazi yangu ya kwanza. Elimu ni kitu chema, lakini hakuna elimu inayostahili kununuliwa kwa mwili wa mtu, wala kwa leso sita, wala kwa pauni elfu.

Ya pili: mwenye taabu awe na neno. Wazee wetu walilijua jambo hili. Katika nchi za Kabambare na Fizi, Waboyo walichonga sanamu za wazee wao waliokufa. Haikuwa sura ya «mtu wa kabila» tu, bali ya mkubwa wa ukoo, na jamaa waliijua. Jirani zao Walega, katika Bwami, walikuwa na sanamu ndogo za pembe na za mti, na kila moja ilikuja na methali yake. Daniel Biebuyck, mtaalamu Mbelgiji aliyewatembelea katika miaka ya 1950, alipata kuelewa vitu hivyo kwa sababu alikubali kufundishwa na wenyewe. Sanamu bila mwenye kuieleza ni mti tu.

Ya tatu: picha irudi nyumbani. Mwenye kuchora ajiulize: Hii naipeleka wapi, nayo itawaletea nini hawa niliowachora? Kama jibu ni sifa yangu peke yangu, basi nimechukua bila kulipa.

Leo hatuhitaji kuwa wataalamu wala wachongaji. Kila kijana wa Kasongo mwenye simu ni mchoraji, na vita na ajali za Mashariki zinampa mengi ya kutazama. Maiti zinapigwa picha na kupelekwa huku na huku kabla mama zao hawajapata habari. Tunasema tunaushuhudia ulimwengu. Pengine ni kweli. Lakini shahidi wa kweli hujua jina la anayemsemea.

Sisi picha zetu za siku ile tulizifuta. Yule kijana tulimpeleka zahanati, akapona, naye anachechemea kidogo. Jina la mama mzee hatukuliuliza. Hilo ndilo deni letu. Kila tunapopita katika njia ile tunatazama akina mama wenye vikapu, tukitumaini kumwona.