Kilichoandikwa na Kinachosomwa

Watu wa pwani husema mtoto wa nyoka ni nyoka, na katika karne ya 19 methali hiyo haikuwa maneno matupu. Tabora, au Unyanyembe kama ilivyojulikana, ndipo njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo ilipogawanyika, mkono mmoja ukielekea Ujiji, mwingine kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Mateka wa Manyema aliyepitishwa hapo alihesabiwa mtumwa, na mwanawe naye, kana kwamba utumwa ulikuwa umeandikwa katika damu. Sheria iliufuta Unguja na Pemba mwaka 1897, na Tanganyika mwaka 1922. Dhana ya damu haikufutika kwa sheria. Hata leo mchumba aghalabu huulizwa asili yake kabla ya tabia yake.

Elimu ya jeni ilipokuja, wengi walidhani imeipa methali nguvu mpya. Mambo sivyo. Karibu kila seli ya mwili hubeba maandiko yaleyale ya DNA. Seli ya ini na ya jicho hazitofautiani kwa kitabu, bali kwa kurasa zinazosomwa. Andiko lenyewe halitoki katika kiini cha seli, mfano wa daftari la tajiri lililobaki Unguja. Kinachosafiri ni nakala, iitwayo RNA, nayo ndiyo inayofuatwa katika kutengeneza protini. Mwandishi wa nakala ni kimeng'enya kiitwacho RNA polimerasi, lakini mwandishi huyu hakai popote apendapo. Zipo protini zinazomkaribisha, zipo zinazomzuia, na DNA yenyewe huweza kukunjwa na kubanwa hata asipate pa kuingia. Jeni isiyonakiliwa ipo, ila kwa mwili ni kama haipo.

Mfano ulio karibu na Tabora ni selimundu, ugonjwa ambao Watanzania wengi huuita sikoseli. Chanzo chake ni herufi moja iliyobadilika katika jeni ya himoglobini, nayo imeenea penye malaria, wala si kwa bahati: mwaka 1954 Anthony Allison alionyesha kuwa anayeirithi kwa mzazi mmoja tu hukingwa na malaria. Anayeirithi kwa wote wawili ndiye mgonjwa.

Ajabu ni kwamba mtoto huyo huzaliwa bila dalili. Tumboni alitumia himoglobini ya kijusi, inayotokana na jeni nyingine. Katika miezi ya baada ya kuzaliwa, protini iitwayo BCL11A huizuia jeni hiyo isinakiliwe. Ya utu uzima hushika zamu pamoja na kosa lake, na maumivu huanza. Kwa baadhi ya watu unyamazishaji huo haukamiliki. Mashariki ya Bara Arabu wapo wagonjwa wengi waliobaki na himoglobini ya kijusi kwa wingi, na ugonjwa wao aghalabu ni mwepesi. Waliorithi herufi ileile hawakurithi maisha yaleyale.

Hapo ndipo swali la maadili linapochomoza. Tiba iliyoidhinishwa Uingereza Novemba 2023, na Marekani mwezi uliofuata, haiisahihishi herufi yenye kosa. Hukata mahali panapoamrisha jeni ya BCL11A inakiliwe katika seli za damu. Kizuizi hulegea, na jeni ya kijusi huamka. Je, huku ni kubadili maumbile? Anayeona mpaka umevukwa ana hoja, kwa kuwa DNA imekatwa. Hata hivyo mwili haukufundishwa neno geni, umerudishiwa usemi wake wa kwanza, na badiliko hilo halikusudiwi kufika kwa watoto wa mgonjwa.

Swali zito zaidi liko kwingine. Marekani tiba hiyo ilitangazwa kwa bei ya dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Mwaka 2011 utafiti uliotumia damu ya wagonjwa wa Muhimbili ulionyesha kwamba tofauti katika BCL11A huathiri kiasi cha himoglobini ya kijusi kwa Watanzania pia. Pembe za ndovu nazo zilibebwa na wapagazi wa Kinyamwezi hadi pwani, na vibao vya piano vilivyochongwa humo vililia Connecticut, si Unyanyembe. Mtu atasema wapagazi walilipwa ujira, na ni kweli. Kazi ile Wanyamwezi waliionea fahari. Lakini mgonjwa aliyetoa damu hakuwa akiuza kitu. Aliombwa ushahidi wa mwili wake, akautoa. Mtoto wa selimundu anayezaliwa Tabora leo bado hutegemea haidroksiyurea, dawa ya kumeza inayoinua himoglobini ileile kwa kiasi, pale inapopatikana.