Tunawajua Wafilipino, au tunaijua tamthilia tu?

Miaka ile tamthilia ya The Promise ilipokuwa ikioneshwa katika runinga za Afrika Mashariki, Kigoma ilikuwa bado inategemea majenereta ya dizeli, na mgao wa umeme ulikuwa jambo la kawaida. Ukikatika katikati ya kipindi, mtaa mzima unasikia mguno. Kina mama wa Mwanga na Ujiji walimjua Amor, yule mtumishi wa ndani aliyedhulumiwa akarudi tajiri kulipiza kisasi, kuliko walivyowajua baadhi ya shemeji zao. Tamthilia yenyewe ilitengenezwa Ufilipino kati ya mwaka 2000 na 2002, na nyingine nyingi zimeifuata.

Suala la uhalali wa kuzitazama tamthilia hizi masheikh wamelizungumza sana na wataendelea kulizungumza. Leo sikusudii kuingia huko. Ninalouliza ni jingine: mtu akishaona kaumu ya watu kwa njia ya hadithi, akalia nao na kucheka nao, je, amewajua? Na kama hakuwajua ila anadhani anawajua, amewadhulumu?

Jirani yangu mmoja, mama mtu mzima mwenye swala tano, aliwahi kuniambia kwa uhakika kabisa kuwa Ufilipino hakuna Waislamu. Nikamuuliza kajuaje. Akasema, "Mwanangu, si tunawaona kila siku? Harusi kanisani, mazishi kanisani."

Hakusema uongo. Alisema alichokiona. Lakini sensa ya Ufilipino ya mwaka 2020 ilihesabu Waislamu karibu milioni 7, wengi wao wakiwa Mindanao na visiwa vya Sulu. Kule Simunul wanatunza msikiti ambao kwa mapokeo yao ulijengwa mwaka 1380. Wana muziki wao wa kulintang, safu ya vikombe vya shaba vinavyogongwa kwa vijiti, ambao humsikii Amor akiucheza. Mwaka 2017 mji wao wa Marawi ulipigwa vita kwa miezi mitano, kuanzia Mei hadi Oktoba, na watu zaidi ya laki tatu wakakimbia makazi yao. Mtaani kwetu, ambako watu walimlilia binti wa kubuni aliyepotezana na mama yake, sikusikia mtu akiuliza habari za Marawi.

Atasema msomaji: kwani mtunzi wa tamthilia ana wajibu wa kuonesha nchi nzima? Hana. Yeye si shahidi mahakamani, ni muuza hadithi, na hadithi ya mapenzi ya bwana shamba na mtumishi haihitaji msikiti wa Simunul. Kosa, kama lipo, liko upande wetu sisi tunaokaa mbele ya runinga. Surat Hujurat, aya ya 13, inataja kuwa mataifa na makabila yamewekwa ili watu wajuane. Aya iliyoitangulia inaonya juu ya dhana. Mimi huona mpangilio huo una jambo: anayetaka kumjua mwenziwe anaanza kwa kuitilia shaka picha aliyokwisha kuwa nayo.

Sisi watu wa Ujiji tulipaswa kulielewa hili kabla ya wengine, maana tumefanyiwa. Nenda popote duniani utaje Ujiji, utaambiwa Stanley na Livingstone, mwaka 1871, chini ya mwembe. Wazungu wawili wakasalimiana na mji ukawa pazia la nyuma. Nani anakumbuka kuwa aliyemlaki Stanley mwanzo, kwa Kiingereza, alikuwa Susi, mtumishi wa Livingstone? Nani anamtaja Muhammad Bogharib, mfanyabiashara ambaye mwaka 1869 alimtunza Livingstone mgonjwa wakati akibebwa kuja ziwani? Biashara ile ilikuwa na watumwa ndani yake, hilo hatulifichi, na wabebwao minyororoni nao hawamo katika picha ya mwembe. Wala hautajwi Uislamu uliovuka kutoka hapa kwenda Rumonge na Bujumbura, hadi leo mtaa wa Buyenzi unazungumza Kiswahili. Tukisikia Ujiji imefupishwa hivyo tunaumia, na tuna haki ya kuumia.

Basi yale machozi ya sebuleni, je, ni huruma? Nadhani ni huruma, sitaki kuyadharau. Moyo uliokufa haulii hata kwa hadithi. Ila ni huruma isiyogharimu kitu: Amor hakuombi chakula, hakuulizi msimamo wako, na kipindi kikiisha amekwisha. Mkimbizi wa Marawi hana utaratibu huo. Wala mkimbizi wa Kongo aliyeshuka na boti hapa Kibirizi hana.

Simdai mama yule asome historia ya Mindanao. Ana ndoo za dagaa za kuanika na wajukuu wa kulisha. Ninachomdai, na ninachojidai mwenyewe, ni kidogo zaidi: akiulizwa kama Ufilipino kuna Waislamu, aseme, "Katika tamthilia sijawaona." Maneno hayo matatu ni kweli tupu, na yanamwachia Mfilipino Mwislamu nafasi ya kuwepo.